Molekuli ya Maji Isiyo na Jirani

Mwanafunzi wa kidato cha sita anapofika kwenye mada ya maumbo ya kaboni hufundishwa almasi, kisha grafiti, kisha fulereni kwa aya mbili tatu za haraka haraka. Huambiwa kwamba C60 ni molekuli ya atomi 60 za kaboni zilizopangwa katika pembetano 12 na pembesita 20, sawasawa na vipande vya ngozi vya mpira wa miguu wa kizamani, na mada huishia hapo. Jambo ambalo mimi huliona kuwa na utamu kuliko yote huachwa bila kutajwa: molekuli hiyo ni tupu ndani, na mahali patupu hakukosi mtu wa kutaka kutia kitu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatilia kazi za wanakemia wanaofungia atomi na molekuli ndogo ndani ya vizimba hivyo vya kaboni. Habari zao zinapofika magazetini huandikwa kwa upande wa matumizi yanayotarajiwa, iwe ni kompyuta za kwanta, saa za atomi au dawa za hospitalini, ilhali mavuno yake ya kweli hadi leo yamekuwa ya aina nyingine kabisa, nayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa.

Tuanze na vipimo, maana bila vipimo ugumu wa kazi hauonekani. Kutoka kiini cha atomi ya kaboni ya upande mmoja wa C60 hadi kiini cha atomi ya upande wa pili ni nanomita 0.71 hivi. Sehemu kubwa ya nafasi hiyo imekaliwa na mawingu ya elektroni za kaboni zenyewe, hivyo chumba kinachobaki kwa ajili ya mgeni kina kipenyo cha kama nusu tu ya hapo. Atomi ya heliamu inaenea vizuri, molekuli ya haidrojeni nayo inaenea, na molekuli ya maji inaenea kwa kubanana. Tatizo ni kuingia. Matundu pekee yaliyopo ni katikati ya pembetano na pembesita, nayo ni finyu kiasi kwamba hata heliamu, iliyo ndogo kuliko atomi za gesi nyingine zote adimu, haipiti: nishati ya kuisukuma kupitia pembesita iliyo nzima ni kubwa kuliko ile inayotosha kukata kifungo kati ya kaboni mbili. Kwa maneno mengine, ukuta utabomoka kabla mgeni hajapenya.

Kwa hiyo waliotangulia hawakujaribu kupenyeza chochote. Walikijenga kizimba huku mfungwa akiwa tayari yumo. Mnamo Septemba 1985, katika Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, Harold Kroto aliyekuwa ametoka Chuo Kikuu cha Sussex, pamoja na wenyeji wake Robert Curl na Richard Smalley na wanafunzi wao, walikuwa wakiipiga grafiti kwa leza ndani ya mkondo wa heliamu ili kuiga kemia ya nyota zenye kaboni nyingi. Spektromita ya masi, mashine ya kupima uzito wa molekuli, ikawaonyesha kilele kirefu penye 720, ambao ndio uzito wa atomi 60 za kaboni. Walipokubaliana kwamba umbo lake lazima liwe tufe tupu, jaribio lililofuata lilijileta lenyewe. Mwanafunzi mmojawapo, James Heath, aliloweka grafiti katika mmumunyo wa kloridi ya lanthanamu kisha ikapigwa leza tena, na safari hii zikatokea molekuli za C60 zilizobeba atomi moja ya lanthanamu. Ilikuwa moja tu, wala si mbili au tatu. Lau atomi hiyo ingekuwa imebandikwa juu ya ganda, hapangekuwa na sababu ya kukosekana zilizobandikwa mbili. Chumba cha ndani, kwa upande wake, kina nafasi ya moja.

Wapo ambao hawakuridhika, na sioni kwamba walikosea kutoridhika, kwa kuwa kilele kwenye spektromita si picha ya kitu. Jibu lililokuja mwaka 1988 kutoka kundi lilelile la Rice ni mojawapo ya majaribio ambayo huwa nayasimulia kila nipatapo nafasi. Fulereni ikipigwa leza kali haivunjiki ovyo; hupoteza kaboni mbili mbili na kizimba hujifunga upya kikiwa kidogo zaidi. Kizimba kitupu huendelea kusinyaa hivyo hadi kufikia kaboni 32, kisha hupasuka. Walipofanya hivyo kwa kizimba chenye atomi ya potasi, kusinyaa kuliishia kwenye kaboni 44. Walipoweka metali ya sizi (cesium), ambayo atomi yake ni nene kuliko ya potasi, kulikoma mapema zaidi, kwenye kaboni 48. Ganda lilikuwa linasinyaa hadi linapombana mfungwa, kisha linapasuka. Atomi iliyo nje isingeweza kuweka mpaka wa namna hiyo, tena mpaka unaokwenda sambamba na unene wake.

Hadi hapo vitu vyote hivi vilikuwa vinaishi ndani ya mashine kwa kitambo kidogo tu. Mambo yalibadilika mwaka 1990, Wolfgang Krätschmer wa Heidelberg na Donald Huffman wa Arizona walipoonyesha kwamba vijiti vya grafiti vikichomwa ndani ya heliamu hutoa masizi ambayo fulereni inaweza kuchujwa kutoka kwayo kwa gramu nzima. Mwaka uliofuata kundi la Smalley likatengeneza masizi yenye lanthanamu, na ajabu ni kwamba iliyostahimili kuyeyushwa na kukaa hewani haikuwa C60 bali kizimba cha kaboni 82. Ndipo walipopendekeza alama ya @, ileile ya barua pepe, ili La@C82 isomeke kuwa lanthanamu iliyo ndani ya C82. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba lanthanamu huwapa kaboni elektroni zake tatu na kuegemea ukutani, haikai katikati. Basi huyu si mfungwa tu. Amechangia katika ujenzi wa gereza lake. Mwaka 1999 kundi la Harry Dorn huko Virginia lilitangaza Sc3N@C80, yaani atomi tatu za skandiamu zilizoshikana na nitrojeni moja katikati, na hapo mchango huo ukadhihirika zaidi, kwa kuwa kizimba cha kaboni 80 cha umbo hilo hakisimami bila elektroni sita kinazopewa na mgeni.

Madini ya namna hii ndiyo yaliyozaa ahadi za hospitali. Gadoliniamu hutumika kung'arisha picha za MRI lakini ikiachiliwa mwilini ni sumu, kwa hiyo wazo la kuifungia ndani ya ganda lisilotoboka lina mantiki yake. Na mwaka 2001 kundi la Hisanori Shinohara mjini Nagoya lilionyesha kwamba Gd@C82 iliyovikwa vikundi vya haidroksili ili iyeyuke majini hung'arisha takriban mara 20 kuliko dawa ya kawaida. Miaka zaidi ya 20 imepita na mgonjwa anayekwenda kupigwa picha bado anadungwa ile ya kawaida. Sisemi kwamba haitafika, ila anayeandika kuihusu kana kwamba imefika anawadanganya wasomaji wake.

Nirudi kwenye C60 yenyewe, ambayo wakati wote huo ilikuwa imekataa kushirikiana. Martin Saunders na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walijiuliza swali rahisi mno: ikiwa fulereni hutengenezwa ndani ya heliamu, je, hakuna heliamu iliyonaswa humo kwa bahati tu? Wakaipasha moto fulereni ya kawaida na kupima gesi iliyotoka. Jibu walilolichapisha mwaka 1993 lilikuwa kwamba heliamu imo, ila kwa molekuli moja tu kati ya kila 880,000 hivi. Hii ina maana kwamba kila aliyewahi kushika kichupa cha C60 iliyotengenezwa kwa njia hiyo amekwisha kushika pia He@C60 bila habari. Kisha wakageuza kibao. Kama joto linaitoa heliamu, basi joto pamoja na shinikizo kubwa linaweza kuiingiza. Walitumia nyuzi 650 za Selsiasi na shinikizo la mara 3,000 ya hewa ya kawaida, wakapata takriban molekuli moja kati ya 1,000. Walieleza kwamba kifungo kimoja cha ukuta hukatika kwa muda, dirisha hufunguka, gesi hupita, na kifungo hurudi mahali pake. Kwa njia hiyo waliingiza heliamu, neoni, argoni, kriptoni na hata zenoni.

Moja kati ya 1,000 ni kidogo, lakini heliamu yenye uzito wa 3 ina kiini kinachoitikia mashine ya NMR, ambayo husoma viini vya atomi kwa kutumia sumaku, na hapo uchache si kikwazo kikubwa. Heliamu haifanyi kemia na yeyote. Ikiwa ndani ya kizimba inachofanya ni kuhisi sumaku inayozalishwa na elektroni zinazozunguka ukutani na kutuambia ukubwa wake. Ndani ya C60 alama yake husogea kwa sehemu 6.3 kwa milioni ukilinganisha na heliamu huru, na ndani ya C70, kizimba kirefu kidogo chenye kaboni kumi tu za ziada, husogea kwa karibu 28.8. Nani angetarajia tofauti hiyo kwa kutazama michoro miwili inayofanana kama mtu na nduguye? Hapa ndipo, kwa maoni yangu, kazi hizi zilipoanza kulipa, kwa sababu mfungwa aligeuka kuwa kipimo kilichowekwa mahali ambapo kipimo kingine hakifiki.

Nitrojeni niipitie upesi. Mwaka 1996 watafiti wa Taasisi ya Hahn-Meitner mjini Berlin walizipiga fulereni kwa ayoni za nitrojeni na kupata N@C60, ambamo atomi moja ya nitrojeni, kiumbe ambacho nje ya kizimba hukamata chochote kilicho karibu, inaelea katikati kabisa bila kujifunga na kaboni hata moja. Elektroni zake tatu zisizo na wenza hutoa mistari myembamba ajabu kwenye kipimo cha sumaku ya elektroni, na ndiyo sababu waliitamani wajenzi wa kompyuta za kwanta na wa saa ndogo za atomi. Mwaka 2015 magazeti yaliripoti kwamba kampuni iliyozaliwa Oxford imeuza maikrogramu 200 kwa pauni 22,000, na vichwa vya habari vikapiga hesabu ya bei ya gramu nzima na kutangaza moja ya bidhaa ghali kuliko zote duniani. Ni hesabu sahihi isiyo na maana, kwa kuwa hakuna mwenye gramu ya kuuza wala mwenye haja ya gramu ya kununua. Walichouza hasa ni kazi ya kuchambua, maana molekuli zenye nitrojeni hutoka zikiwa chache mno katikati ya umati wa zilizo tupu.

Nimewahi kuonyeshwa kichupa cha C60 iliyoyeyushwa katika tolueni, kimiminika cha kuyeyushia. Ni zambarau ya kupendeza, iliyokolea, na ukikiinamisha hubaki utando mwembamba kwenye kioo kabla haujateremka. Ukiweka kando yake kichupa cha C60 iliyofungia maji, jicho halitatofautisha. Mfungwa asiyegusana na ukuta kwa kemia habadilishi rangi, habadilishi umbo la nje, na kwa kiasi kikubwa habadilishi hata namna molekuli inavyotembea ndani ya safu ya kromatografia, yaani bomba la kutenganishia molekuli, kwa hiyo mchanganyiko hupitishwa kwenye safu ileile mara nyingi hadi walioshiba wabaki nyuma ya walio watupu kwa hatua chache.

Ili kuepuka shida hiyo inabidi kila kizimba kijazwe, na kwa kusubiri bahati ya dirisha haiwezekani. Njia iliyopatikana huitwa upasuaji wa molekuli: kizimba hukatwa kwa kemia, mgeni huingizwa, kisha jeraha hushonwa pasibaki kovu. Koichi Komatsu na Yasujiro Murata wa Chuo Kikuu cha Kyoto ndio waliokamilisha upasuaji wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2005. Walikata vifungo vya C60 kimoja baada ya kingine hadi likapatikana tundu lenye atomi 13 ukingoni, mojawapo ikiwa ya salfa. Unga wake ukawekwa ndani ya chombo cha shinikizo pamoja na haidrojeni, kwa nyuzi 200 na mara 800 ya hewa ya kawaida, kwa saa nane, na ulipotolewa kila kizimba kilikuwa na molekuli ya haidrojeni ndani yake. Si moja kati ya 1,000, bali zote.

Kufunga ndiko kulikohitaji ustadi, kwani tundu linaloruhusu kuingia linaruhusu pia kutoka, na kila hatua ya kushona ilipaswa kufanyika bila kumtorosha mfungwa. Kwanza waliiongezea salfa oksijeni. Kisha wakaimulika kwa mwanga, na salfa ikaondoka pamoja na oksijeni yake, tundu likapungua kwa atomi moja. Kisha wakatumia titani kuziunganisha kaboni mbili zilizokuwa zimebeba oksijeni pande mbili za tundu, likabaki la atomi nane, dogo mno kwa haidrojeni kupita. Mwisho wakaupasha unga huo nyuzi 340 kwa saa mbili katika ombwe, na viraka vilivyosalia vikajibandua vyenyewe huku vifungo vya asili vya ukuta vikijirudishia. Kilichobaki ni C60 kamili, yenye uzito wa 722 badala ya 720. Nimezisoma hatua hizo mara nyingi, na ile ya mwisho, ambapo joto pekee huikumbusha kaboni umbo lake, bado huniacha nikitikisa kichwa.

Mwaka 2011 Kei Kurotobi na Murata walirudia kazi hiyo kwa maji. Tundu sasa lilikuwa linapanuka lenyewe ndani ya tolueni yenye unyevu, na molekuli ya maji ikasukumwa ndani kwa shinikizo la mara 9,000 ya hewa, kwa nyuzi 120. Mtu atauliza kwa nini maji, kitu kilichojaa kila mahali, yatafutiwe taabu kiasi hicho. Jibu ni kwamba maji tunayoyajua ni umati. Kila molekuli imeshikana na jirani zake kwa vifungo vya haidrojeni, inavipokea na kuvitoa bila kupumzika, na karibu kila sifa tunayoifundisha darasani, kuanzia kuchemka kwenye nyuzi 100 hadi barafu kuelea, ni sifa ya ujirani huo. Molekuli iliyo ndani ya C60 haina wa kushikana naye. Ukuta wa kaboni haupokei vifungo vya haidrojeni. Kwa hiyo haigandi. Ukiipoza hadi nyuzi chache juu ya sifuri kamili, ambako mvuke wote ungekuwa umekuwa barafu zamani, yenyewe inaendelea kuzunguka.

Hapo ndipo linapoonekana jambo ambalo maji ya kikombeni hulificha. Viini viwili vya haidrojeni katika molekuli ya maji vina spini, yaani sifa ya kwanta inayovifanya viwe kama sumaku ndogo, na spini hizo ama zinajumlishana, ambapo maji huitwa ya otho, ama zinafutana, ambapo huitwa ya para. Katika joto la kawaida za otho ni tatu kwa kila moja ya para. Kanuni za kwanta haziruhusu molekuli ya otho isimame kabisa. Hata ikipozwa vipi ni lazima ibaki na mzunguko kidogo, na kuigeuza kuwa ya para si kazi nyepesi, kwa sababu viini lazima vipinduke. Mwaka 2012 kundi lililomjumuisha Malcolm Levitt wa Chuo Kikuu cha Southampton lilionyesha, kwa kutumia NMR, mwanga wa infraredi na mtawanyiko wa nyutroni, kwamba ndani ya kizimba mageuzi hayo huchukua saa nyingi na yanaweza kutazamwa yakiendelea. Miaka mitatu baadaye wakayatazama kwa njia ambayo hata fundi wa redio angeielewa. Molekuli za otho na za para haziitikii sawa uga wa umeme, hivyo waliweka H2O@C60 kati ya bati mbili za kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, wakaipoza, na kuona uwezo wa kapasita ukibadilika polepole kadiri otho ilivyokuwa ikipungua. Spini za viini, zilizofichwa kupita vitu vyote, zilisomwa kwa kipimo cha umeme. Vipimo hivyo vilionyesha pia kwamba mtu aliye nje huona karibu robo tu ya nguvu za ncha mbili za maji, ile ya chanya na ile ya hasi, nyingine zote zikiwa zimezimwa na elektroni za ukuta.

Southampton waliendelea kuujaribu ukubwa wa chumba. Kundi la Richard Whitby liliingiza floridi ya haidrojeni, asidi ambayo huwezi kuipata ikiwa peke yake kirahisi kwa kuwa molekuli zake hushikana na chochote kilicho karibu, na mwaka 2019 likaingiza methani, molekuli ya kwanza ya kikaboni kufungiwa ndani ya C60. Methani inabana, ina atomi tano, na kuna waliokuwa wakiamini kwamba hapo chumba kimekwisha kujaa kupita kiasi.

Kyoto nao walihamia kwenye C70, ambayo urefu wake wa ziada unatosha wafungwa wawili, na mwaka 2016 walitangaza vizimba vyenye molekuli mbili za maji. Mbili ni idadi ndogo kuliko zote ambayo kwayo kifungo cha haidrojeni kinaweza kuwapo kati ya maji na maji. Katika NMR haidrojeni zote nne hutoa alama moja tu, kwa sababu molekuli hizo hubadilishana nafasi ya mtoaji na mpokeaji kwa kasi ambayo mashine haiwezi kuzitenganisha. Sasa, mtu akitaka kujua ni sifa gani ya maji inayotokana na molekuli yenyewe na ni ipi inayoanza pale jirani wa kwanza anapofika, anazo sampuli mbili za kulinganisha, moja ikiwa ndani ya C60 na nyingine ndani ya C70.